Kurudia Darasa na Mbadala Wake: Mwanafunzi Anayelemewa katika Shule za Msingi za Kenya

Utangulizi

Kitenzi 'kukariri' kina maana mbili ambazo kwa kawaida huchukuliwa kuwa hazihusiani. Maana ya kwanza ni kusema jambo tena na tena hadi likae kichwani, kama mtoto anavyokariri jedwali la kuzidisha. Maana ya pili, ambayo husikika zaidi Tanzania kuliko Kenya, ni kubaki katika darasa lile lile kwa mwaka mwingine. Wakenya wengi husema 'kurudia darasa', na watoto uwanjani husema kwa mkato kwamba fulani 'amerudishwa'. Hata hivyo, maana hizo mbili zimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye dhana ya kufanya tena, na zinabeba imani moja: kwamba jambo ambalo halikuingia mara ya kwanza litaingia likirudiwa vile vile lilivyokuwa.

Makala haya yanaichunguza imani hiyo katika muktadha wa shule za msingi za Kenya. Yanajadili sababu zilizofanya urudiaji wa darasa uwe mazoea, nafasi ya sheria katika kuukomesha, na hasa njia nyingine ambazo mwalimu anaweza kuzitumia ili mwanafunzi anayelemewa asaidiwe bila kutenganishwa na wenzake. Uzito mkubwa umewekwa katika somo la Kiswahili, kwa kuwa kusoma ndiko mlango wa masomo mengine yote, na kwa kuwa wasomaji wa jarida hili wengi wao ni walimu wa kesho wa lugha hii.

Chanzo cha mazoea

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, mtihani wa KCPE uliwekwa mwishoni mwa darasa la nane. Mwaka huo huo Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa, kufuatia mapendekezo ya Tume ya Mackay ya mwaka 1981. Mtihani huo ulikuwa na kazi mbili. Ulimpima mtoto, na wakati huo huo ulitumiwa na umma kuipima shule. Wastani wa alama za watahiniwa ulitangazwa, ukalinganishwa, ukasifiwa kanisani na sokoni. Hakuna aliyeuliza ni watoto wangapi walioanza darasa la kwanza katika shule hiyo na ni wangapi waliofika chumba cha mtihani.

Ni rahisi kuona kilichofuata. Mwalimu mkuu mwenye watoto 50 katika darasa la saba, ambaye alijua kwamba 10 kati yao wangeuvuta wastani chini, alikuwa na kishawishi kikubwa cha kuwazuia wasivuke. Waliambiwa kwamba wanarudi ili 'wajiimarishe'. Baadhi yao walijiimarisha kweli. Wengine walihamia shule jirani, wengine wakaenda kuchunga au kuuza njugu stendi, na wastani wa shule ukapanda bila mtoto hata mmoja kujua jambo jipya. Urudiaji wa namna hiyo ulikuwa chombo cha kuilinda shule dhidi ya mwanafunzi wake.

Kulikuwa pia na urudiaji wa aina nyingine kabisa: wa mtoto aliyepata alama nzuri lakini ambazo hazikutosha kumpeleka shule ya kitaifa, naye mzazi akamrejesha darasa la nane ili ajaribu tena. Huyo si mwanafunzi anayelemewa, na makala haya hayamshughulikii, ingawa yeye na mwenzake walikaa dawati moja na kuhesabiwa pamoja katika rejista.

Mwezi Januari mwaka 2003 elimu ya msingi ikafanywa bila malipo. Idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 mwaka 2002 hadi takriban milioni 7.2 mwaka 2003. Miongoni mwa waliokuja walikuwamo vijana wa miaka 12 na 14 wanaoanza darasa la kwanza au la pili, na madarasa mengi yalijaa hadi watoto 80 au zaidi. Mwalimu mmoja mbele ya umati kama huo hakuweza kumjua kila mtoto aliyekwama. Mwisho wa mwaka alijua jambo moja tu, yaani jumla ya alama, na uamuzi uliokuwa karibu na mkono wake ulikuwa ama kumpandisha ama kumrudisha.

Sheria na pengo iliyoliacha

Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya lazima na isiyo ya malipo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika sehemu yake ya 35, ikaenda mbali zaidi: mwanafunzi aliyesajiliwa shuleni hapaswi kuzuiwa katika darasa lolote wala kufukuzwa, isipokuwa pale ambapo kanuni za nidhamu zinaruhusu. Sehemu hiyo hiyo inataka wanafunzi wapewe motisha inayofaa ili wajifunze na kuikamilisha elimu yao.

Katazo hilo lilieleweka upesi. Lile sharti la motisha halikueleweka. Katika baadhi ya shule ikazuka desturi ya kumtaka mzazi aandike barua kana kwamba ni yeye aliyeomba mtoto wake arudie, ili shule isionekane imevunja sheria. Katika shule nyingine sheria ilifuatwa kikamilifu: kila mtoto alivuka, anayejua na asiyejua, na yule wa darasa la sita asiyeweza kusoma sentensi moja akaingia darasa la saba akiwa bado hawezi.

Wanaotetea urudiaji hushika hapo, na hoja yao si ya kupuuzwa. Husema kwamba kumpandisha mtoto asiyejua ni kumdanganya yeye na mzazi wake, na wahenga hawakukosea waliponena kuwa kutangulia si kufika. Mzazi anayemwona mwanawe akibeba begi la vitabu vya darasa la sita asivyoweza kuvisoma ana haki ya kukasirika. Lakini kasoro ya hoja hiyo imo katika kudhani kwamba njia ni mbili tu. Kumrudisha na kumpandisha vinafanana katika jambo moja la msingi, nalo ni kwamba katika hali zote mbili hakuna anayekaa na mtoto kumfundisha kile hasa alichokikosa.

Utafiti unasema nini

Mwaka 1989 mtafiti wa Marekani, C. T. Holmes, alikusanya tafiti 63 zilizowalinganisha wanafunzi waliorudishwa na wenzao wa kiwango sawa waliopandishwa. Tafiti 54 kati ya hizo zilionyesha kwamba waliorudishwa walikuwa na matokeo mabaya zaidi baadaye. Matokeo hayo yamepingwa na baadhi ya wataalamu. Katika jimbo la Florida, kwa mfano, ambako tangu mwaka 2003 wanafunzi wa darasa la tatu wasioweza kusoma walianza kurudishwa, alama zao zilipanda katika miaka ya kwanza. Hata hivyo, sera ya Florida haikumrudisha mtoto mikono mitupu. Aliyerudi alipewa masomo ya kusoma wakati wa likizo, muda wa ziada wa kusoma kila siku na mwalimu aliyeteuliwa kwa ubora wake. Inakuwa vigumu basi kusema kilichomfaa mtoto ni mwaka wa pili au ni msaada ulioandamana nao.

Mtoto wa Kenya anayerudia hupata nini? Mara nyingi hupata mwalimu yule yule, kitabu kile kile, dawati lile lile, na mafunzo yale yale yanayoanza ukurasa wa kwanza mwezi Januari. Ikiwa alikwama katika kugawanya, atayarudia pia yale ya kujumlisha ambayo tayari anayajua, atachoka, na atakapofikia kugawanya atafundishwa kwa njia ile ile iliyomshinda mwaka uliopita.

Aidha, urudiaji huongeza mzigo uliouleta. Mfano wa kubuni utadhihirisha jambo hili. Shule inapokea watoto wapya 50 katika darasa la nne kila mwaka, na mmoja kati ya kila watano hurudishwa. Mwaka wa pili darasa hilo litakuwa na watoto 60, na mwaka wa tatu litakuwa na 62, na litabaki hapo. Mwalimu aliyeshindwa kuwafikia watoto 10 kati ya 50 sasa anatakiwa kuwafikia 12 kati ya 62. Madawati hayakuongezeka, na pengine vitabu pia.

Umri nao una athari zake. Msichana aliyerudishwa mara mbili hufikia ubalehe akiwa darasa la tano, katikati ya watoto wadogo, na katika jamii ambako ndoa za mapema bado zipo, shule huanza kuonekana mahali pasipomfaa. Mvulana wa rika lake huuona mlango mwingine: bodaboda, machimbo ya mchanga, uvuvi. Wote wawili huwa hawakufukuzwa na mtu. Waliondoka tu.

Mwaka ambao taifa zima lilikaribia kurudia

Kuna tukio moja la hivi karibuni ambalo lapaswa kukumbukwa kila mara mjadala huu unapozuka. Tarehe 15 Machi 2020 ilitangazwa kwamba shule zote zingefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Tarehe 7 Julai mwaka huo Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 ulihesabiwa kuwa umepotea na kwamba wanafunzi wangebaki katika madarasa yao hadi mwaka 2021. Kwa maneno mengine, Kenya nzima ilikuwa imerudishwa darasa.

Uamuzi huo haukudumu. Tarehe 12 Oktoba 2020 wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirejea shuleni, na waliobaki wakarejea tarehe 4 Januari 2021. Badala ya kuurudia mwaka, kalenda ilibanwa: mihula ikafupishwa, likizo zikapunguzwa, na miaka ya masomo ikapangwa kwa kukimbizana. KCPE ya mwaka 2020 ilifanywa Machi 2021, ya mwaka 2021 ikafanywa Machi 2022, na ya mwaka 2022 ikafanywa mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2022. Kufikia Januari 2023 kalenda ilikuwa imerejea mahali pake.

Mpango ule haukuwa mtamu. Walimu walichoka, wazazi walilipa karo bila kupumua, na watoto wengi walivuka wakiwa na mapengo ambayo hakuna aliyeyapima. Lakini lilithibitika jambo moja. Palipokuwa na sababu ya kutosha, taifa liliweza kuugusa muda wenyewe, kuukata na kuushona upya, ili watoto wasipoteze mwaka. Kinachofanywa kwa mamilioni ya watoto wakati wa maafa kinaweza kufanywa kwa watoto 10 wa shule moja wakati wa amani, na kwa gharama ndogo zaidi.

Kufundisha kulingana na kiwango

Mbadala wenye ushahidi mwingi zaidi ni ule wa kumfundisha mtoto kuanzia pale alipo, bila kujali jina la darasa lake. Shirika la Pratham la India ndilo lililoueneza mtindo huu. Watoto wa madarasa ya kati hupimwa kwa jaribio fupi la ana kwa ana, kisha kwa saa moja au mbili kila siku huacha madarasa yao na kukaa katika vikundi vya kiwango: wasiotambua herufi pamoja, wanaosoma maneno pamoja, wanaosoma aya pamoja. Muda huo ukiisha, kila mmoja hurejea darasani kwake kuendelea na wenzake wa rika moja.

Jaribio hilo si geni Kenya. Kuanzia mwaka 2009, mradi wa Uwezo uliwatuma watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba kuwapima watoto wa miaka 6 hadi 16 kwa Kiswahili, Kiingereza na hesabu. Ripoti yake ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba kati ya kila watoto 10 wa darasa la tatu, ni 3 tu walioweza kufanya kazi ya darasa la pili. Ripoti hizo zilizua kelele nyingi magazetini, lakini chombo chenyewe hakikuzungumzwa sana, nacho ni cha thamani kuliko kelele: karatasi moja yenye herufi, maneno, aya na hadithi fupi, ambayo humwezesha mtu yeyote anayejua kusoma kumpima mtoto kwa dakika chache. Mwalimu hahitaji kungoja mtihani wa kufungia mwaka.

Kutoka Kenya yenyewe upo pia ushahidi wa vikundi. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer waliufanya utafiti katika shule 121 za Magharibi mwa Kenya kuanzia mwaka 2005, wakauchapisha mwaka 2011. Kila shule ilipewa mwalimu mmoja wa ziada wa mkataba, na darasa la kwanza likagawanywa mara mbili, hivi kwamba wastani wa wanafunzi ukashuka kutoka zaidi ya 80 hadi chini ya 50. Katika nusu ya shule mgawanyo ulifanywa kwa bahati nasibu. Katika nusu nyingine ulifanywa kwa kiwango cha alama. Baada ya miezi 18, wanafunzi wa shule zilizogawa kwa kiwango walikuwa mbele ya wenzao, na waliofaidika hawakuwa wale wa kikundi cha juu peke yao. Wa kikundi cha chini nao walisonga mbele, kwa sababu mwalimu wao aliacha kuwafundisha watoto wasiokuwamo chumbani.

Utafiti mwingine uliofanywa Busia na Teso na Paul Glewwe, Kremer na Sylvie Moulin unalikamilisha jambo hili. Shule zilipewa vitabu vya kiada, na matokeo yake yakawa kwamba waliofaidika ni wale tu waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto hao ilikuwa lugha ya tatu. Mtoto aliyebaki nyuma alikuwa na kitabu mkononi na hakuweza kukifungua.

Kipindi cha Kiswahili kwa mtoto aliyekwama

Hapa ndipo Kiswahili kina nafasi ambayo haijatumiwa ipasavyo. Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba katika madarasa matatu ya kwanza lugha ya kufundishia iwe ile inayotawala eneo la shule, na mijini na penye mchanganyiko wa jamii lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili. Isitoshe, maandishi ya Kiswahili yanafuata matamshi kwa uaminifu mkubwa. Herufi 'a' haibadiliki kutoka neno moja hadi jingine. Mtoto wa gredi ya tano aliyeshindwa kusoma Kiingereza kwa miaka minne anaweza kuonja ushindi wake wa kwanza katika Kiswahili kwa muda wa wiki chache, kisha akaupeleka ujuzi huo wa kuunganisha sauti na herufi katika lugha nyingine. Mradi wa Tusome, ulioanzishwa katika shule za umma mwaka 2015, ulizifundisha lugha hizi mbili sambamba katika madarasa ya chini, kila mtoto akiwa na kitabu chake.

Mpangilio unaofaa huanzia kwenye irabu tano, kisha silabi wazi: ba, be, bi, bo, bu. Baada ya hapo huja maneno ya silabi mbili, kama 'kuku' na 'meza', na hatimaye konsonanti zinazoandikwa kwa herufi zaidi ya moja. Wengi hukwama katika hatua hii ya mwisho. Tofauti ya 'ngoma' na 'ng'ombe' haielezeki kwa maneno. Husikika, kisha huandikwa, kisha husikika tena. Kadi zaweza kukatwa kutoka katoni za sabuni, na herufi kuandikwa juu ya vifuniko vya soda ambavyo mtoto anavisogeza kwa kidole na kuunda neno.

Kuna ukuta mwingine ambao walimu wengi hawauoni. Mtoto husoma 'kuku', 'baba' na 'shule' bila taabu, mwalimu akaridhika kwamba anajua kusoma, kisha katika hadithi mtoto huyo huyo anasimama kabisa mbele ya 'hatukumwona'. Hakusahau herufi. Kiswahili ni lugha ambishi, na kitenzi kimoja kinaweza kubeba sentensi nzima. Mwalimu anayeelewa jambo hili humsaidia mtoto kwa hatua mbili. Kwanza humkatia neno kwa silabi ili alitamke: ha-tu-ku-mwo-na. Pili humkatia kwa mofimu ili alielewe: ha-tu-ku-mw-on-a, nani hakuona, lini, na nani hakuonekana. Migawanyo hiyo miwili hailingani, na si lazima mtoto ayajue majina yake. Uchanganuzi wa mofimu, ambao wanafunzi wengi wa chuo huulalamikia kuwa ni wa mtihani tu, una mteja wake wa kweli katika gredi ya tano.

Ni muhimu pia kutenganisha kushindwa kusoma na athari za lugha ya kwanza. Mtoto anayezungumza Kikuyu akisoma 'kalamu' kama 'karamu', au Mluo akisoma 'shamba' kama 'samba', au Mbukusu akisoma 'baba' kama 'papa', amesoma. Herufi ameitambua. Ulimi wake ndio uliompa sauti iliyo karibu zaidi na ya nyumbani. Kosa hilo lina dawa yake, nayo ni mazoezi ya matamshi, wala halipaswi kuingia katika hesabu ya wasiojua kusoma. Yamkini wapo watoto waliorudishwa darasa kwa sababu ya 'r' na 'l'.

Kwa upande wa ratiba, shule yenye walimu wachache inaweza kukiweka kipindi cha kusoma saa moja kwa gredi ya tatu hadi ya sita. Watoto hugawanyika kwa kiwango, kila mwalimu akachukua kikundi kimoja, mwalimu mkuu akiwemo, na ni bora mwalimu hodari kuliko wote apewe kikundi cha chini kabisa, ingawa desturi ya shule nyingi ni kinyume chake. Watoto hupimwa upya baada ya wiki sita na anayestahili huhamia kikundi cha juu. Kuviita vikundi kwa rangi au majina ya ndege hakutaficha lolote, maana watoto hung'amua siku ya kwanza kikundi cha tausi ni cha nani. Aibu hupungua pale tu ambapo watoto wanahama mara kwa mara na kila mmoja anaona kwamba mlango uko wazi. Kikundi kisichohamwa kwa mwaka mzima ni urudiaji wa darasa uliobadilishwa jina.

Hesabu hufuata mkondo huo huo, kuanzia kutambua namba hadi kugawanya. Na kwa watoto wachache tatizo haliko katika ufundishaji hata kidogo: mtoto haoni ubao, au hasikii vizuri, au ana ulemavu wa kujifunza. Kenya ina vituo vya kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalumu tangu mwaka 1984, na rufaa ya mapema kwenda huko ina manufaa kuliko miaka miwili ya kukaa dawati la nyuma.

Vikwazo, na mfano wa chuoni

Pingamizi la kwanza litakuwa muda. Masomo ya ziada wakati wa likizo yamekatazwa na sehemu ya 37 ya Sheria ya Elimu ya Msingi, na katazo hilo lina busara yake, kwa kuwa tuisheni ya kulipia humsaidia mwenye pesa kabla ya mwenye shida. Hivyo msaada lazima uingie ndani ya saa za kawaida, na lazima kitu fulani kipunguzwe. Pingamizi la pili ni walimu, na hapo hakuna jibu jepesi. Shule yenye walimu watatu kwa madarasa sita itakiona kipindi cha vikundi kuwa ndoto, isipokuwa ipate mwalimu wa mkataba au wa mafunzo ya kazini, kama ilivyofanywa katika shule zile za Magharibi.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeondoa baadhi ya vishawishi vya zamani. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mwanafunzi sasa huelezwa kwa viwango vinne, kuanzia kuzidisha matarajio hadi mbali na matarajio, wala si kwa nafasi aliyoshika darasani. Hata hivyo, lugha mpya ya ripoti haimfundishi mtoto. Ripoti inayosema 'mbali na matarajio' muhula wa kwanza, wa pili na wa tatu, na kumpandisha mtoto gredi bila kueleza nani atakaa naye, lini na kwa kazi gani, imebadilisha wino tu. Panapostahili kuangaliwa ni mstari unaofuata katika ripoti hiyo, ule wa maoni ya mwalimu, ambao mara nyingi hujazwa kwa 'atie bidii'.

Inafaa kukumbuka kwamba chuo kikuu chenyewe kiliacha zamani kumrudisha mtu mwaka mzima kwa sababu ya somo moja. Mwanafunzi aliyeanguka katika fonolojia hufanya mtihani wa marudio wa fonolojia, ule ambao wenzake huuita 'sapu', huku akiendelea na masomo ya mwaka unaofuata. Hakuna anayemtaka arudie pia sintaksia na fasihi simulizi alizozipita. Mtu mzima wa miaka 21 anapewa nafasi ya kurekebisha alichokikosa peke yake, ilhali mtoto wa miaka tisa aliyeshindwa na hesabu alitakiwa kuurudia mwaka wote, pamoja na nyimbo na michoro aliyoipenda na kuifanya vizuri.

Wanafunzi wa ualimu wanaotumwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha hukutana na tatizo hili mapema kuliko wanavyotarajia. Katika shule ya upili mwalimu mwanagenzi huingia darasani na andalio la somo la ngeli za nomino, na kabla kipindi hakijaisha hutambua kwamba mwanafunzi wa dirishani, anayeinakili kazi ya ubaoni kwa hati nzuri sana, hawezi kuisoma. Mwanafunzi huyo alipandishwa miaka yote, au alirudishwa mara mbili. Andalio la somo halina nafasi yake. Wiki za mazoezi ni chache, mkaguzi atakuja kuangalia ngeli, na karatasi yenye herufi, maneno, aya na hadithi fupi inahitaji dakika chache tu wakati wa mapumziko ya saa nne.